Miti Uliyotutafsiria

Mke wangu Zena, Mama Salma,

Nakuandikia siku ya pili ya Idd, sebuleni kwa bintiyo hapa Mombasa, ghorofa ya tatu, mahali ambapo televisheni huwashwa asubuhi na haizimwi mpaka umeme ukatike wenyewe. Najua barua haifiki uliko. Lakini hata ulipokuwa hai barua zangu hukuzisoma. Nikikuandikia kutoka safarini uliziweka mpaka nirudi, kisha ukanikabidhi: "Haya, nisomee mwenyewe." Basi chukulia nakusomea. Nataka kukwambia habari ya sinema. Utacheka. Nami nimecheka, mpaka mahali fulani.

Zikumbuke Idd zetu za Langoni, katika nyumba ile tuliyopanga, yenye daka mbele ya mlango na vibaraza viwili vinavyotazamana. Watu wakisha kula pilau, deki ya video ya kukodi ililetwa ikiwa imefungwa shuka kama mgonjwa, pamoja na kanda za Kihindi. Wanawake wa mtaa waliingia ndani na watoto wao na mito yao, na sisi tukatolewa. "Waume dakani," ulisema, na hapakuwa na rufaa. Kati yetu na nyinyi palining'inia pazia la maua ya manjano tu. Ndiyo maana nasema bila kujisifu kwamba nimesikiliza filamu za Kihindi nyingi kuliko mwanamume yeyote wa Lamu, na sikuona hata moja. Zote nilizipata kwa sauti yako.

Wewe ndiye uliyekuwa mkalimani. Mtaa mzima uliamini kwamba Bi Zena anajua Kihindi, na sababu yenyewe ilikuwa hii: vita vya mpakani vilipotuhamisha kutoka kwetu kaskazini, kupita Kiunga, nanyi mkafikia Langoni mikono mitupu, mama yako alikupeleka ukafagie duka la mama mmoja wa Kihindi, duka la vitambaa na nafaka. Ulichotoka nacho pale ni majina ya dengu, hesabu za mita, na makaripio. Karipio moja ukanirithisha mimi baada ya kuoana. Kila masika nikirudi kutoka shuleni kufundisha, tope mpaka kifundoni, ulinifungulia mlango, ukatazama chini, ukatoa sauti ya mama yule, ya puani: "Miti! Miti!" Nami, mrefu mwembamba, nikajua unaitukana miguu yangu. Nikakujibu, "Ndiyo, ni miti, lakini ndiyo iliyokuoa." Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukanimwagia kata ya maji miguuni. Miaka yote ya ndoa yetu nilidhani tunacheka jambo moja.

Tuache hilo kwanza. Dakani nilikaa mimi na gazeti langu, na mbele yangu Bwana Shee, mshona kofia, aliyekuwa akishona huku akiapa kwamba hasikilizi. Nilijua pale hadithi ilipokaza kwa kutazama sindano yake, kwa maana ilisimama hewani. Wimbo ukianza ndani, mwingine mrefu kama khutuba, yeye ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Yuasema nini sasa?" aliuliza kupitia pazia.

"Bwana Shee, si ulisema haya ni ya kipuuzi?"

"Ni ya kipuuzi. Nauliza tu, kama mpita ndia."

"Ampenda," ukasema.

"Wimbo mzima huo, ampenda tu?"

"Ampenda sana."

Na waliopigwa risasi! Tulisikia mlio, tukasikia wanawake wakipiga kelele, kisha sauti yako tulivu, kama ya mkunga: "Tulieni, hakufa. Amezimia." Katika filamu zako hakufa mtu hata mmoja. Wazee, askari, majambazi, farasi, wote walizimia. Bwana Shee alitikisa kichwa. "Risasi tatu za kifua, Bi Zena, na bado amezimia?" Ukamjibu, "Wahindi wana kifua." Jioni nikakuuliza kama kweli yule mtu hakufa, ukasema, "Idd hafi mtu," ukaendelea kuosha vikombe.

Filamu mliyoipenda kuliko zote haikuwa na jina. Nyinyi hamkutumia majina ya filamu. Mlisema Ya Treni, Ya Pacha, Ya Kipofu. Hii ilikuwa Ya Bibi wa Tasbihi. Ajuza wa Kiislamu wa huko kwao, kama ulivyotueleza, alitolewa kijijini mwake kwa vita, mwanawe akapotea ng'ambo ya mpaka, naye akabaki akihamishwa nyumba hata nyumba mpaka akaishia kwenye benchi la stesheni, tasbihi mkononi. Hapo ndipo alipoanza kulia. Dakani tulisikia kilio chake, neno moja likijirudia. Nduguyo Rukia, wakati huo bibi harusi wa juzi, ndiye aliyeuliza: "Dada, yualilia nini?"

Ulikawia kujibu. Nakumbuka ulikawia, kwa sababu sindano ya Bwana Shee ilikaa hewani muda mrefu.

"Yualilia miti," ukasema. "Hamsikii? Yuasema miti, miti. Miti yake aliyoiata kwao."

Nilisikia mle ndani mlio ambao sijausikia tena mahali pengine, wa wanawake wengi kulia pamoja. Nusu ya waliokaa chumbani walikuwa watu wa kwetu, na kila mmoja alikuwa na minazi yake huko, na mkwaju wake, na anajua umesimama upande gani wa kisima. Rukia alilia kwa sauti kama mtoto. Kisha ukawaambia: "Haya, futani mato. Yule mwanawe yuaja. Yule mwenye shati jekundu." Mwana akaja. Akambeba mamaye mikononi kama mtoto, akamrudisha kwao. Na mwisho, ulisema, akainama, akapanda mti mwingine.

Bwana Shee alipangusa uso kwa kofia aliyokuwa akiishona, akasema vumbi la Langoni limezidi. Kofia ile alinipa mimi baadaye kwa sababu haikuuzika: upande mmoja vitobo vimekwenda pembeni, pale bibi alipolilia miti. Ninayo kichwani sasa hivi.

Baada ya Idd ile watu wa kwetu walianza tena kusema habari ya kurudi. Walikuwa wameacha. Sasa ukawasikia kisimani, sokoni: "Miti yatungoja." Ilikuwa methali ya mtaa. Mimi mwenyewe, mtu wa vitabu, niliitumia. Ulipolazwa huku Mombasa, ule ugonjwa wa figo ulipokuwa umekula hata sauti yako, nilikushika mkono nikakwambia, "Ukipata nafuu tutarudi kwenye miti yetu." Ulinitazama, ukatabasamu, ukasema, "Ewaa, mwalimu." Uliitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto anayesema akikua atanunua meli. Nilidhani ni uchovu.

Sasa nikupe habari za huku, maana umeniacha katika enzi ya ajabu.

Sinema imehamia kwenye simu. Wajukuu wako wanatazama wakiwa wamelala chali, kila mmoja na yake, masikio yamezibwa. Juzi mmoja alikuwa akitokwa na machozi pembeni yangu nikamwuliza nani amekufa. Akatoa kile cha sikioni, akasema, "Hamna, Babu, ni series," akakirudisha. Hakuna anayeuliza mwenzake yuasema nini. Kila mtu analia peke yake na anaelewa kila kitu.

Mwezi wa Disemba hapa huwa ni tamthilia ya mji mzima. Duka kubwa la mtaani kwetu huweka mti wa plastiki mlangoni na kuubandika pamba. Nilimwuliza kijana wa pale, "Mti huu umeumia wapi?" Akasema, "Hiyo ni theluji, mzee," huku jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Na kwenye televisheni ni filamu za sikukuu asubuhi mpaka usiku. Nimezitazama kwa makini, kama nilivyokuwa nikisahihisha insha, na nakuhakikishia zote ni insha moja aliyoandika mwanafunzi mmoja, wengine wakanakili. Mtu yuko mbali na kwao. Ndege imefutwa, barabara imezibwa na theluji. Dereva wa lori mwenye moyo mwema anampa lifti. Jioni ya sikukuu anabisha, mama anafungua, mezani kuna bata mzinga. Nimengoja miaka nione hata moja ambamo mtu anafika, anainua mkono kubisha, na hakuna mlango. Haipo. Wenzetu hao hawajaifikiria, au wameifikiria wakaona haifai kwa sikukuu. Ungekuwa hai ungeelewana nao sana.

Idd nayo imepata waigizaji wake. Watangazaji ambao mwaka mzima hukaa na tai huvaa kanzu siku moja, na kofia zimekaa kichwani kama sufuria iliyofunikwa kifuniko cha nyingine. Wanatupa mkono wa Idd kwa niaba ya mafuta ya kupikia.

Na nyumba yetu ya Langoni, Zena, imegeuzwa ya wageni. Salma alinionyesha picha yake kwenye simu. Dakani, nilipokaa na Bwana Shee, Mungu amrehemu, wametandika mito ya rangi, na maelezo yanasema mgeni akae hapo aonje maisha halisi ya wenyeji. Pazia wameondoa. Wanasema hupunguza mwanga.

Ya mwisho ndiyo nzito. Kabla ya Ramadhani alikuja hospitali mvuvi mmoja wa Kiunga, akapitia hapa kunisalimu. Nikamwuliza miti. Akasema, "Miti gani, mwalimu?" Nikamwelekeza: minazi ya upande wa kisima, mkwaju wa baba yake Zena. Akawa ananitazama kama ninayemwuliza habari za watu waliokufa naye hajui kama nimepewa taarifa. Akasema minazi ilianguka zamani, iliyobaki ilikauka imesimama, mkwaju hajui kama upo, na pale palipokuwa kijiji pameota msitu wa miiba, hata msikiti huuoni mpaka uugonge kwa bega. Nilimshukuru. Sikumwambia mtu.

Sikumwambia hasa Rukia, kwa sababu Rukia yuko hapa. Alivuka kutoka Lamu hadi Mokowe wiki moja kabla ya Idd, akaja kwa basi kutibiwa macho. Daktari amemwambia Salma, na Salma ameniambia mimi, kwamba hayatarudi. Yeye bado hajaambiwa. Anaona mwanga, anaona rangi kama kitu kilichozama majini. Na kila asubuhi huniambia jambo lile lile: "Mato yakifunguka, shemeji, twende kwetu mimi nawe. Nikaione ile miti mara moya, kisha Mungu na anitwae." Amekwisha weka kando buibui la safari.

Jana baada ya adhuhuri, Salma yuko jikoni, watoto wako kwenye simu zao, tuko mimi na Rukia mbele ya televisheni. Stesheni moja ya Wahindi ikatangaza filamu ya zamani. Ikapigwa firimbi ya treni. Rukia akakaa wima.

"Shemeji! Hii si Ya Bibi wa Tasbihi?"

Ilikuwa yenyewe. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikaona kwa mara ya kwanza uso wa yule bibi niliyemjua miaka mingi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na hana meno. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza.

"Nisomee basi," Rukia akasema. "Marehemu hayupo, wewe ndiwe mkalimani."

Nilimsomea, na tulicheka sana, Zena. Yule uliyesema ni shangazi kumbe ni polisi. Ile harusi uliyotueleza kwa mapana, na vyakula vyake, ilikuwa kesi mahakamani. Wimbo ule wa "Ampenda sana" ulikuwa wimbo wa bei ya mchele. Rukia alijipigapiga mapaja akisema, "Dada yangu mwongo! Dada yangu mwongo, Mungu amweke pema!"

Kisha bibi akafika kwenye benchi. Akaanza kulia, na lile neno nikalitambua: miti, miti. Rukia naye alilitambua, akaacha kucheka, akanishika mkono wa kanzu. Nikasoma maandishi ya chini.

*Udongo. Nani atanitia udongo? Sina mtu. Nani atanitia udongo?*

Nikaisoma tena. Bibi wa watu alikuwa anaomba kuzikwa.

Nikaona mlango wetu wa Langoni, na mimi nimesimama kizingitini na tope mpaka kifundoni, nawe unatazama chini na kupaaza sauti ya puani. Hukuwahi kuitukana miguu yangu. Mama yule wa duka alikuwa analalamikia udongo ulioingizwa na wateja, nawe ulikuwa na ufagio mkononi tangu utotoni. Katika Kihindi chote ulichopata kukijua, neno hilo la miti, yaani udongo, ndilo ulilolijua bila shaka yoyote. Nimekumbuka ulivyokawia kumjibu Rukia.

"Soma, shemeji. Yualilia nini?"

Salma alikuwa ametoka jikoni na sahani, amesimama nyuma yetu. Anasoma Kiingereza kuliko mimi. Nilimtazama. Naye akamtazama Rukia.

"Miti," nikasema.

"Si nilikwambia!" Rukia akasema. "Hapo dada hakukosea. Hapo hakudanganya hata chembe." Akawa analia, lakini kwa raha, kama mtu aliyefika mahali anapopajua.

Picha ikaendelea. Bibi akalala juu ya benchi, tasbihi ikamponyoka. Mtu mwenye shati jekundu akaja. Shati lile, Zena, ni sare ya wapagazi wa stesheni. Niliona wengine watano waliovaa hivyo hivyo, wamebeba masanduku. Mpagazi tu, hata hakumjua jina.

Rukia akanyoosha shingo. "Naona wekundu. Ndiye?"

"Ndiye."

"Mbona bibi hasemi?"

"Amezimia."

"Kwa furaha," Rukia akasema.

Mpagazi akambeba mikononi, akatoka naye stesheni, na wenzake wawili wakamfuata na koleo. Maandishi yalikuwa yamekwisha. Hapakuwa na la kusoma. Ulibaki mkono mmoja, karibu sana, unachota udongo na kuuachia.

"Yuapanda?" Rukia akauliza.

Salma alirudi jikoni haraka na sahani zake.

"Yuapanda," nikasema.

Leo asubuhi Rukia ameamka mchangamfu, amekunja tena lile buibui la safari. Anasema ndoto yake imekuwa njema. Nitasafiri naye mpaka wapi, kwa maneno yangu tu, sijui. Yeye macho hayatamwonyesha, nami nimeona jinsi kazi yako inavyofanywa: ukisha kusema miti mara moja, huna budi kuisimamisha kila siku. Uliisimamisha miaka yote ile, na mimi dakani nikidhani unatuburudisha. Ulijua hatutarudi. Ulijua hata siku ile hospitalini, ukanitafsiria kwa tabasamu, nami nikakuamini.

Siku uliyofariki, njia ya Lamu ilikuwa imefungwa kwa ajili ya usalama. Tulikuzika huku kabla ya alasiri, kati ya watu tusiowajua. Niliteremka mwenyewe kaburini, na nilipotoka nikakutia viganja vitatu, nikisoma inavyosomwa. Ni udongo mwekundu, wa kunata, si mchanga wetu mweupe. Hakuna mti nilioupanda mimi siku ile, Zena. Nilikutia udongo basi, na hakuna kilichoota.

Kinachonichosha ni kwamba Kiingereza nakisoma. Hakuna pazia tena mbele yangu. Kila kinachopita chini ya picha nakiona, na hakuna mtu ndani wa kumwuliza, kama mpita njia, yuasema nini.

Lala, mke wangu. Mungu akufanyie wasaa hapo ulipo, japo si kwetu.

Mumeo wa dakani,
mwenye udongo miguuni